Bibi Tarehe, Aliyekataa Kurudisha Siku Nyuma

Nina miaka sabini na mbili. Nimewapita wakurugenzi wanne, mashine tatu za kunakili na lifti moja iliyokufa mikononi mwa fundi wake, na bado nalinda mlango wa ofisi hii inayopeleka vijana ng'ambo kujifunza Kichina. Walitaka wasifu huu wa kumuaga mwenzetu anayestaafu uandikwe na kijana wa kompyuta. Nikakataa. Mimi niliishia darasa la nne, lakini macho yangu yamemaliza chuo. Miaka thelathini na moja ya mama huyu naijua mimi, toka asubuhi alipoingia na viatu vinavyombana hadi tarehe thelathini ya mwezi huu, atakapokabidhi funguo za kabati la viza.

Hapa kazini tunamwita Bibi Tarehe. Hakuna mwanafunzi aliyetoka na pasipoti yake kimyakimya. Alisimamishwa mbele ya meza, akaweka kidole juu ya viza na kuisoma kwa sauti: ya muda mfupi au mrefu, kuingia mara ngapi, inakwisha lini, na akifika aombe kibali cha kukaa ndani ya siku ngapi. Kisha swali la mwisho: "Na kazi je?" Jibu lilikuwa moja tu: hakuna kazi mpaka chuo kiandike ruhusa na uhamiaji waikubali. Aliyejibu "nitaona huko huko" alirudishwa benchi akajifunze upya. Benchi hilo nalipangusa mimi, na lilikuwa halipoi.

Wapo waliosoma kwa mdomo tu. Mmoja viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja. Akavuka mpaka kumtembelea rafiki, akazuiwa kurudi. Akapiga simu: "Mama, nilitoka kidogo tu!" Bibi Tarehe akamjibu, "Hicho kidogo kimekula viza nzima, mwanangu." Lakini hakumtupa. Alimwombea nyingine, na kijana akamaliza kozi.

Sasa nifike penye uzito. Miaka minane iliyopita binti wa fundi seremala, mwanafunzi hodari, alikuwa amebakiza muhula mmoja. Duka la vigae la huko likamwomba awatafsirie wateja jioni. Akaanza bila ruhusa, akidhani saa mbili tatu si kazi. Mkaguzi akamkuta. Akapewa siku kumi alete karatasi ya ruhusa, la sivyo arudishwe nyumbani bila cheti.

Mkurugenzi wa wakati ule akaona njia fupi. "Tuandike barua kwamba aliomba ruhusa miezi miwili iliyopita. Nani atachimbua?" Bibi Tarehe akasema haandiki. Duka lina daftari la zamu, lina tarehe ya siku ya kwanza. Wakilinganisha, binti atakuwa na makosa mawili badala ya moja.

Baba mtu akaja na vumbi la mbao kichwani. "Mama, kalamu yako ina thamani kuliko mwanangu?"

"Keti, baba. Tuna watoto kumi na tisa kule. Tukishikwa na uongo mmoja, wote wataitwa waongo."

Hakuketi. Alisimama pale mlangoni kwangu akinitazama kama mimi ndiye niliyefunga mpaka.

Bibi Tarehe akampigia binti simu. Akamwambia aache kazi leo, aende mwenyewe ofisi ya wanafunzi wa kigeni, aseme yote. Binti akalia kwamba watamfukuza. "Ukienda, umekwenda," akamwambia. "Wakikuleta, umeletwa." Kisha akaandika barua ya kweli: kosa gani, lini, na kwamba ofisi inamdhamini. Mkurugenzi akakataa kuipiga mhuri. Mama akachukua kiti, akakaa nje ya mlango wa bosi, barua mapajani, siku mbili kutwa. Bosi akitoka, anamkuta. Akirudi, anamkuta. Siku ya pili alasiri mhuri ukagongwa kwa hasira hadi meza ikalia.

Nani aliifikisha barua kwa wasafirishaji wa vifurushi kabla hawajafunga? Ni mimi, kwa goti bovu. Vijana wawili walikuwepo wakitafuta funguo za pikipiki. Kama bado wanazitafuta sijui.

Siku ya tisa jibu likaja: onyo la maandishi, asiguse kazi mpaka mtihani. Aliufanya, akafaulu. Duka lilelile likamwombea viza ya kazi kwa njia ya halali, naye akaipata. Fundi alirudi hapa, na safari hii aliketi. Akasema, "Shikamoo, mama," ingawa kwa umri yeye ndiye mkubwa.

Bibi Tarehe, mdogo wangu, ofisi nzima inakushukuru. Uliwafundisha watoto wa watu kwamba lugha ngeni haijifunzwi kwa kujificha. Kastaafu kwa afya, ulale mpaka jua likuchoke, na siku zako zilizobaki zisiwe na mwisho wa matumizi.

Asiyeyaamini haya amuulize fundi seremala. Amuulize na mkurugenzi yule; ataona haya, lakini hatakana. Na binti mwenyewe yupo, simu yake ninayo. Ila usimpigie mchana wa kule. Yuko kazini, na kibali anacho.