Harufu ya Kiwanda cha Nyangumi

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Albany. Wazee wa Wamenang, wenye ardhi hii tuliyoikanyaga. Wajumbe wa bodi ya makumbusho. Waongoza wageni wenzangu. Na ninyi ndugu wageni mlioshuka kwenye basi mkidhani mtaonyeshwa nyangumi, mkaangukia kwenye hotuba ya bibi kizee: karibuni nyote.

Mimi ni Nola Birchall, niliyekuwa mpishi wa wafanyakazi wa kiwanda hiki enzi zake. Leo tunamuaga Clarrie Penhale anayestaafu, aliyechuna nyangumi hapa mpaka kiwanda kilipofungwa, kisha akarudi kuongoza wageni juu ya sakafu ile ile aliyokuwa akiteleza juu yake kwa damu. Ni nani kati yenu amefanya kazi mahali pamoja mara mbili, mara ya kwanza kwa kisu, mara ya pili kwa kuomba radhi? Wageni wakimaliza kupanda meli yetu ya zamani na kujipiga picha chini ya mataya ya nyangumi, yeye huwapeleka watoto kwenye matangi ya kuchemshia mafuta.

“Haya, ingiza pua humo,” huwaambia. “Unasikia nini?”

“Kutu.”

“Kutu tu? Basi umebahatika, mwanangu!”

Naam, walibahatika. Sisi wa zamani tunaijua harufu ile. Upepo ukigeuka kutoka bandarini, mji mzima ulianua nguo kambani. Mheshimiwa Meya, marehemu mama yako alituuzia mkate kupitia dirishani, maana mlangoni hakuturuhusu hata tuoge vipi, na simlaumu. Kisha kiwanda kikafungwa, matangi yakasuguliwa, na sasa nyangumi wanarudi kila majira ya baridi kuzaa mbele ya macho yetu. Hewa ikawa safi. Ninyi wageni mmeambiwa hivyo, na ni kweli, isipokuwa siku chache ambazo hatuzitaji kwenye matembezi.

Siku ya kwanza nilikuwa barazani na marehemu mume wangu Merv, aliyekuwa akiwasha moto wa matangi. Harufu ikaja ghafla, nzito, kama zamani. Nilikimbilia shuka kambani kabla hata sijakumbuka kwamba kiwanda hakipo tena. Majirani wakafunga madirisha.

“Merv, unaisikia?”

“Nasikia mkate wako unaungua, mke wangu. Kuna kingine?”

Alikunywa chai yake kwa raha zote. Wiki haikwisha tukamzika. Kisha ikawa zamu ya Alf Dunning, mpiga chusa wetu aliyewachoma nyangumi baharini. Tulimkuta bustanini tukiwa tumeziba pua, akatucheka. “Mna nini nyie? Mmekula maharage?” Naye tukamzika. Tukaelewa kwamba harufu humjia mtu wa kiwanda, na mtu huyo ndiye pekee asiyeisikia.

Ndugu zangu, waliobaki ni wawili, mimi na Clarrie. Nanyi mmemwona anavyohema akipanda ngazi za meli, na koti lake linavyompwaya. Bodi ilitaka kumuaga mwisho wa mwaka. Mimi ndiye niliyewasumbua mpaka sherehe ikafanyika leo. Nasema waziwazi kwamba naogopa. Clarrie alibeba jeneza la mume wangu, na hakuna aliyebaki hapa duniani anayenijua nilivyokuwa kijana. Nilitaka asifiwe akiwa na masikio ya kusikia.

Na sasa naona, Mheshimiwa Meya, kwamba leso hiyo si ya mafua. Naona wageni wa basi wameziba pua, na Glenys, aliyetuokea keki za leo, anafungua madirisha ilhali mvua inanyesha. Nilidhani hotuba yangu ndiyo inayowachosha. Kumbe harufu ile imefika.

Clarrie, nitazame. Usinidanganye mbele ya watu. Unaisikia?

“Naisikia, shemeji.”

Hunitulizi tu?

“Nola, naisikia mpaka kooni! Tangu uliposhika hicho kipaza sauti.”

Jamani, mmesikia? Anaisikia! Mungu wangu, Clarrie haendi popote! Mpigieni makofi mtu huyu, mpigieni kwa nguvu, nimekuwa silali kwa ajili yake!

Mbona hampigi makofi?

Clarrie, mbona unalia, na umenikazia macho mimi?

...

Mimi nasikia keki za Glenys. Chokoleti, na nazi juu yake. Nasikia na mvua, kidogo, kutoka dirishani.

Ahaa.

Basi, ndugu zangu, tubadilishe ratiba kidogo. Ndugu wajumbe wa bodi, naomba msipokee funguo za Clarrie leo. Lazima abaki mtu wa kuwaambia watoto waingize pua tangini. Clarrie, kaa chini, mwanaume mzima, unaniharibia sherehe. Kile kiti cha kupumzikia mlichomnunulia kitangulie kwangu. Atakifuata mwenyewe akishanizika. Glenys, funga madirisha, wageni wetu wataumwa, kisha nikatie kipande kikubwa cha keki, maana huku kwangu inanukia vizuri mno.

Kama naogopa? Naogopa. Lakini nilijiandaa kumlilia Clarrie, na hilo nimeepushwa nalo.

Asanteni kwa kunisikiliza, na asanteni kwa kuisikia kwa niaba yangu.