Mikono Miwili ya Shemeji

Ndugu zangu wa Koboko, na ninyi mliotoka Arua kuja kutusikiliza, niacheni nisimame. Kukaa nimekaa miaka mitatu, inatosha. Na msinipigie makofi, maana hasira yangu nimekuja nayo, sikuiacha nyumbani.

Wengi mnanijua kwa gongo hili la kutembelea. Mnasema nilipigwa risasi vitani. Hapana! Mguu huu uliharibiwa na salamu.

Kabla ya vita vya sabini na tisa nilikuwa askari, mzamiaji. Tuliporudi kutoka uhamishoni Zaire, nikakuta pantoni ya kuvusha watu Nile imelala chini ya mto, na watu wanavuka kwa mitumbwi, na mitumbwi inapinduka. Akaja mwenye kazi, mtu mkubwa, ana mashine ya kuinulia. Alitaka mtu wa kushuka kufunga minyororo miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nikasema mtu huyo ni mimi.

Nawaambia, kushuka pale si mchezo. Mkondo unakupiga kifua. Unateremka umeshika mnyororo wa nanga uliotupwa upande maji yanakotoka, halafu unajibanza nyuma ya ubavu wa pantoni kama mtu anayejikinga upepo ukutani. Giza tupu, unafanya kazi kwa vidole. Hewa inakuja kwa mpira kutoka kwenye mashine juu. Kiunoni una kamba, na kamba hiyo ndiyo mdomo wako. Vuta mara moja, mimi mzima. Mara mbili, nilegezee. Mara nne, nitoe. Juu awepo mtu mmoja, mikono yote miwili kwenye kamba, hana kazi nyingine duniani.

Mtu wangu alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu, mtu wa Manibe, mpole, adabu imemjaa mpaka kwenye nywele. Nilimfundisha siku nne nchi kavu.

Mnyororo wa mbele niliufunga vizuri. Nikawa nahamia nyuma, mara kamba ikalegea. Sikuomba! Mkondo ukaninyakua, ukanisukumia chini ya bamba la kupandia magari, mpira wa hewa ukanasa kwenye chuma. Nikavuta mara nne. Kamba ikanifuata mkononi, nyepesi. Nikavuta tena mara nne. Hakuna mtu. Ndugu zangu, nililia ndani ya maji.

Mwajua juu kulikuwa na nini? Mwenye kazi alikuwa amefika. Akanyoosha mkono. Na kwa sababu mkubwa hapewi mkono mmoja, shemeji akaachia kamba, akainama, akampa yote miwili! Akaulizwa habari za nyumbani, akajibu. Za watoto, akajibu. Za mvua!

Walipostuka wakanivuta kwa pupa, moja kwa moja mpaka juu. Maji ya kina hayataki hivyo, unapanda, unasimama, unapanda tena. Sikio likapasuka, mguu ukafa nusu.

Kule hospitali Arua hayakunitia wazimu maumivu, walinitia wazimu wageni. "Pole, lakini angefanya nini? Mukubwa alimupa mukono." Kila mmoja! Hata mama yangu mzazi! Basi uhai wangu mimi haukufikia salamu moja. Nikarudi kijijini kwetu Dranya, miaka mitatu nikanywa waragi, pombe kali, asubuhi na jioni. Shemeji alipokuja kuomba radhi nilimfukuza kwa panga. Kuoga kwenye beseni nilishindwa, maji yakigusa sikio napiga kelele. Mke wangu akarudi kwao, na hakukosea.

Nina dada yangu mkubwa. Dranya nzima wanamsema hana adabu, atapita katikati ya harusi na jembe begani bila kusalimia. Siku moja akasimama mlangoni kwangu.

"Mtumbwi imepinduka tena. Mnyororo moja iko bado. Wewe utakunywa mpaka lini?"

"Na kamba atashika nani?" nikamfokea.

"Mimi."

Nikamcheka. Halafu nikamtafuta mwingine kichwani, sikumpata.

Tulingoja kiangazi, mto upungue nguvu. Nilijizoesha kwenye beseni kwanza, mtu mzima mimi, kama mtoto mchanga. Shemeji akaja tena, akaomba akae kwenye mashine ya hewa. Nikamwacha. Akakaa mwenyewe, mgongo kaupa barabara, asimwone mkubwa akija.

Nikashuka. Na yule mkubwa akaja, waliokuwepo ndio walioniambia. Akanyoosha mkono. Dada hakugeuza hata shingo. Mkubwa akamwuliza:

"Wewe mama, hapana salimia mutu mukubwa?"

"Mutu iko chini," dada akasema.

Mkono ukabaki hewani. Mimi huku chini, nimekwisha kufunga mnyororo wa nyuma, nikavuta mara nne. Kamba ikakaza palepale. Akanipandisha polepole, akanisimamisha mara tatu kama nilivyomwagiza, na mkubwa akangoja juani mpaka kichwa changu kikatokeza.

Pantoni iliinuliwa. Mke wangu alirudi. Nawashukuru ninyi mlionibeba mpaka hospitali, na wewe shemeji, ulikaa vizuri pale kwenye mashine. Lakini hasira yangu sijaitupa. Mkimwona mtu ameshika uhai wa mwenzake, mpiteni kimya, na mkubwa angoje!

Dada yangu yupo pale nyuma. Leo ameingia bila kusalimia mtu, nimewaona mnanong'ona. Nong'oneni. Dada, asante. Wala usijibu.