Folda za Nyambura Zilizonikataa

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu, hata likitajwa na mdomo uliokosa kama wangu.

Nilisema "weka." Neno hilo moja, nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta mjini Nakuru, ningelimeza leo kama lingemezeka. Fundi aliniuliza kama aweke mfumo mpya, maana ule wa zamani ulikuwa umechoka na mashine ilikawia kuwaka mpaka unamaliza kukamua ng'ombe wawili. Asubuhi hiyo Akinyi, mke wa mwanangu Kamau, alikuwa amenipigia simu kutoka Karagita, wanakofanya kazi kwenye shamba la maua. Aliniomba nisikubali chochote mpaka aje Jumamosi atoe sauti za Mama kwanza. Nilimwambia kompyuta iko nyumbani kwangu na mimi si mtoto. Nikafika kwa fundi nikasema "weka."

Sauti za Mama ni sauti za marehemu mke wangu, Nyambura, ambaye wengi wenu mlimjua. Alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, Akinyi alichukua likizo yake yote akaja kwetu Dundori kumuuguza na kumrekodi. Nyambura alisimulia jinsi wazazi wake walivyofika huku juu, jinsi tulivyooana, nyimbo alizowaimbia watoto. Akinyi akaziweka zote kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa shambani na viazi. Sikuketi nao hata siku moja! Nilidhani siku ya kusikiliza itakuja.

Niliichagua siku hiyo mwenyewe: ibada ya kumbukumbu, mwaka mmoja tangu tumzike. Nilitaka mumsikie kwenye spika, hapa hapa. Ndiyo sababu nilipeleka kompyuta kwa fundi. Iliporudi ilikuwa nyepesi kama mpya. Nikaziona folda, zikiwa chini ya jina la Akinyi, kwa kuwa ndiye aliyeiandaa mashine hiyo tangu mwanzo. Nikabonyeza. Ikaniandikia kwamba sina ruhusa. Nikabonyeza nyingine. Sina ruhusa. Ndani ya nyumba yangu, kwa sauti ya mke wangu! Nikampigia fundi, naye akanijibu kama mtu anayetaka kukata simu, "Mzee, uliza mwenye jina. Huyo ndiye alifunga."

Ndugu zangu, nina hasira na fundi huyo, aliyesema jambo asilolijua. Lakini nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Kamau alipooa kwa watu wa ziwa, kabila lisilo letu, nilikubali kwa mdomo tu. Nyambura ndiye aliyempokea yule msichana kwa moyo. Mimi nilikuwa nikimngoja akosee.

Mnakumbuka nilichofanya. Siku ya ibada nilisimama mahali hapa nikasema mke wa mwanangu ametunyima sauti ya marehemu ili tumpigie magoti. Nikamtaja jina. Nanyi mkasema amina! Wazee wa kanisa, mliweka mikono juu ya kompyuta, mkaomba Mungu aivunje nguvu ya Akinyi, naye ameketi safu ya tatu na mimba ya miezi saba. Kwetu mke wa mwana hamjibu baba mkwe mbele ya watu, na Akinyi alifundishwa hivyo na Nyambura mwenyewe. Akainamisha kichwa akanyamaza. Nami nikauchukua ukimya wake kuwa ushahidi. Desturi ilimkataza kusema, halafu nikamhukumu kwa sababu hakusema!

Jioni alinifuata jikoni. "Baba, mimi sijafunga kitu," alisema. "Hata mimi nimejaribu, imenikataa." Nilimwonyesha mlango. Tangu siku hiyo yeye na Kamau hawakukanyaga Dundori. Mtoto alipozaliwa, msichana, Kamau alinitumia ujumbe mfupi kwamba wote wako salama. Basi.

Miezi ikapita. Nilichoka kuziangalia zile folda, nikamwita Dada Jerono, huyu mwalimu wa kompyuta aliyejiunga nasi juzi, aje anifutie kila kitu. Aliketi sebuleni kwangu, akaniuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza: zilianza kukataa baada ya nini? Nikamweleza. Akatabasamu, kisha akauona uso wangu akaacha.

"Mzee, hakuna mtu alifunga hizi," alisema. "Ukiweka mfumo mpya, kompyuta inasahau watu wake wote. Folda ziko, lakini zinangoja mwenyewe wa zamani, na huyo hayuko tena. Hata Akinyi akirudi na jina lile lile, haimjui."

Akaingia mahali pa kubadilisha mwenye folda, akaondoa jina la zamani, akaandika langu, tukangoja. Chai yake haikuwa imepoa. Folda zikafunguka, zote, hakuna hata moja iliyopotea! Mungu ni mwema, ndugu zangu. Nililia mbele ya mgeni.

Sauti ya kwanza niliyofungua, Nyambura alikuwa akisimulia nilivyoanguka mtaroni siku niliyokwenda kwa wazazi wake. Sikujua kama aliwahi kumwambia mtu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Ukipata msichana, huyo ni mimi. Utanibeba mgongoni."

Akinyi akamjibu, "Nitakubeba, Mama. Ukisumbua sana nitakupeleka kwa Baba."

Mnajua desturi yetu: msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Kesho yake nikaenda Karagita. Akinyi alinikaribisha chumbani kwao, akanipa chai, akaniwekea mtoto magotini. Nilimwomba msamaha, akanisamehe bila kupandisha sauti. Nikamwinamia mtoto nikamwita Nyambura.

"Anaitwa Atieno, Baba," alisema taratibu. "Ni jina la mama yangu. Kamau ndiye alichagua."

Kamau alikuwa ameketi hapo. Hakuinua macho.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia nilichodhani kimepotea, na aliyemleta Dada Jerono. Mtumainini, ndugu zangu, mpelekeeni kila shida. Lakini msimtume Mungu kumpiga mtu ambaye hamjamuuliza hata swali moja. Nanyi mliosema amina siku ile, Karagita si mbali. Nendeni mkamwombe Akinyi msamaha kwa midomo ile ile.

Folda ziko wazi, na sauti ya mke wangu naisikiliza kila asubuhi. Lakini mjukuu wangu wa kwanza hana jina la Nyambura, na hatalipata. Nilisema "weka" nilipoambiwa ningoje Jumamosi, na jina hilo ndilo nililolipoteza.