Historia ya Marehemu Ngusa Mwigulu na Mkono Wake wa Kulia

Ndugu waombolezaji, wazee wetu wa Kishapu na wageni mliotoka Katoro, mimi ni Bujiku, mdogo wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na naomba mnivumilie hadi mstari wa mwisho.

Marehemu Ngusa Mwigulu alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 hapa hapa Kishapu, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mwigulu na Mama Klara, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1997 hadi 2003, na hakuendelea na sekondari kwa sababu mwaka ule ng'ombe walikufa kwa ukame, pamba nayo ikakataa, na mgongo wake ulikuwa tayari mgongo wa mwanaume.

Alilima hadi mwaka 2011, kisha akaenda kwenye machimbo madogo karibu na Katoro, nami nikamfuata, akafanya kazi ya kuvuta viroba vya mawe kutoka duarani, yaani shimo la machimbo, kwa mtambo wa kuzungusha kwa mkono, na hapakuwa na wa kumshinda. Tarehe 6 Julai 2013 alifunga ndoa na Salome, wakajaliwa watoto wawili, Loveness na Edson.

Tarehe 9 Agosti 2022, saa nne asubuhi, kiroba kikiwa katikati ya shimo, mpini wa mtambo ulimponyoka mwenzake, Ngusa akaudaka kwa mkono wa kulia ulionyooka, mzigo ukauvuta mkono nyuma, na tuliokuwepo tulisikia mlio karibu na kwapa, kama shuka linapochanwa. Kifua kilivimba, weusi ukashuka hadi kwenye kiwiko, na ule ukingo wa nyama mbele ya kwapa ukapotea, pakabaki bonde. Nilimleta nyumbani, baba akapapasa bega na mkono, akasema, "Mfupa mzima, Ngusa, unalilia nyama?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Kwetu jeraha ni mfupa, nyama hukandwa. Kwa wiki tatu nilimkanda kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, nikimkanyaga ubavuni na kuuvuta mkono ili unyooke, naye akiuma kanga ya Salome asipige kelele.

Tarehe 24 Oktoba Salome alimpeleka hospitali Shinyanga bila kutuaga, daktari akaeleza kwamba kano, yaani ile kamba ngumu inayoshikiza msuli wa kifua kwenye mfupa wa mkono, ilikuwa imekatika, kwamba siku ile ilitakiwa barafu, mkono ufungwe kwa kitambaa shingoni, usikandwe, usivutwe, na kano ishonwe ndani ya wiki chache, lakini sasa msuli ulikuwa umejikunja na kushikwa na makovu, na pale hospitalini hapakuwa na upasuaji wa kuurudisha. Akauliza ni nani aliyeuvuta mkono huu. Marehemu akajibu, "Hakuna, daktari, nilichelewa mwenyewe."

Januari 2023 alirudi machimbo, mtambo hakuuweza tena, akapewa kazi ya kushuka chini kwa matimba, magogo yaliyopigwa shimoni kama ngazi, na wenzake wakamwita Bawa, kwa vile mkono ulining'inia, na kila asubuhi Marwa, msimamizi wa duara, alipaza sauti, "Bawa, leo unaruka?" Tarehe 16 Februari 2024, akiwa anapanda, mguu uliteleza, mkono wa kulia ukashika gogo, ukashindwa kumvuta, akaanguka, akafariki hospitalini tarehe 18, akiwa na miaka 34.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliotuambia ukweli ingawa tulichelewa kuuliza, majirani kwa maji, kuni na ugali, na wachimbaji mliobeba jeneza, nawe Marwa ukiwa mbele, upande wa kulia, nimekuona unalia.

Salome aliniambia juzi tu, hapa msibani, jibu lile la marehemu kwa daktari, nami ninalisahihisha mbele yenu, aliyeuvuta mkono ule ni mimi, kwa mikono hii iliyoshika karatasi.

Pumzika kwa amani, kaka, hakuna atakayekuvuta tena.