Mwalimu Emerensiana Aliyekataa Kuzikwa na Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Emerensiana, mzaliwa wa Matiri, aliyefundisha Chiwanda miaka mingi. Ametutoka wiki iliyopita kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Sitini na mitatu, wasikilizaji. Mwenyewe hakutarajia kufika hamsini. Dada yake Gertrude hakufika. Kaka yake Bernadi hakufika. Wote walikuwa wanene kupita kiasi, kisukari na shinikizo la damu vikawaondoa mapema, na wote wawili mama yao, Mama Kunigunda, ndiye aliyewazika. Emerensiana naye alikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Kutoka ubaoni hadi mlangoni, anahema. Watu walimsifu: "Mwalimu, Chiwanda imekupenda!" Alitabasamu, lakini hofu yake ilikuwa moja tu: mama asije akazika mtoto wa tatu.

Daktari wa Dar es Salaam alimweleza kwa lugha nyepesi. Unene uliopitiliza unaweza kuzichosha chembe hai za mwili, zikazeeka kabla ya wakati. "Mwalimu, una miaka arobaini na saba," alisema, "lakini humo ndani kuna bibi." Emerensiana alicheka, kisha akalia. Akakubali upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula.

Basi aliporudi Matiri amekonda, kazi ikaanza! Majirani waliingia na unga na kuni, nyuso zimewashuka, kana kwamba wamekuja kumuaga. Mama Kunigunda akasonga ugali, akapakua na maharage, sahani imejaa pomoni. Mwanawe akala matonge matatu, akanawa.

"Chakula changu kimekuwa sumu?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Tumbo limepunguzwa. Umemzika Gertrude, umemzika Bernadi. Sitaki unizike na mimi. Nataka mimi ndiye nikuzike."

Kwetu, maneno hayo mzazi haambiwi. Majirani waliinamisha vichwa. Mama Kunigunda akaivuta ile sahani mbele yake. "Jamani, rudini na kuni zenu," alisema. "Mwanangu hafi." Akala kilichobaki chote.

Haikuwa lelemama. Kulikuwa na kutapika, na vidonge vya kila siku. Lakini kilima cha kwenda kwa mama alianza kukipanda kwa miguu, tena akiongea njia nzima.

Mwaka jana Mama Kunigunda alifariki usingizini, bibi kizee wa miaka tisini. Mzee Hyasinti, mume wa Mwalimu Emerensiana, anasema: "Kaburini alilia sana. Tulipofika nyumbani akaniambia, 'Baba Jacqueline, nimemzika mama.' Akalala usingizi mzito."

Wasikilizaji wapendwa, kama nyumbani kwako yupo ambaye mwili unamwelemea, usimcheke, wala usimsifu kwa juujuu. Muulize anaogopa nini, kisha msindikize hospitali.

Mzee Hyasinti, pole sana. Nawe Jacqueline, binti yake wa pekee, pole mno. Juzi pale Matiri uliweka udongo wa kwanza juu ya mama yako. Mtoto kumzika mzazi wake: hilo ndilo alilolipigania.