Kifuko cha Sanduku la Makubadhi

Saa moja na dakika kumi asubuhi basi liliondoka Suwaiq, pwani ya Oman, na Mzee Hilal akatoa kifuko cha chembe za kunyonya unyevu kwenye sanduku la makubadhi yake mapya ili akitupe dirishani.

"Usitupe, ami," alisema jirani yake wa kiti, binti afanyaye kazi maabara aitwaye Shamsa. "Kwa chembe kama hizo mtambo wetu hutoa maji matamu. Maji ya chumvi yakitoa mvuke, zinaunywa, chumvi inabaki. Tukizipasha joto la jua, zinautapika, nao unakuwa maji."

"Kifukoni imeandikwa usile, nawe wataka ninywe matapishi yake?"

Shamsa alicheka, akampa chupa ya maji hayo. Mzee alionja. Bahari ilikwisha kuingia kisimani kwake, na leo alikuwa anakwenda kuuza shamba.

"Hayana ladha."

"Ladha uliyoizoea ni chumvi, ami."

"Mtambo wenu unanywesha mitende mingapi?"

"Miwili. Ni wa majaribio."

"Ninayo mia na themanini, binti yangu."

"Najua hautoshi."

"Sikuuliza kama unatosha. Unakaa wapi huo mtambo?"

Kabla hajajibiwa, basi lilisimama Barka. Mnunuzi wa shamba alikuwa akingoja kando ya barabara. Mzee Hilal alikitia kifuko kwenye mfuko wa kanzu, akashuka.