Rudasingwa Cyubahiro, Mtu Aliyempa Mtoto Wake Nchi

Kila asubuhi kabla ya kazi, marehemu Rudasingwa Cyubahiro alipiga pasi shati jeupe. Juu yake alivaa koti la kazi la njano, akalifunga hadi shingoni, shati lisionekane tena mpaka jioni. Wenzake wa ghala walimtania, "Pasta, unaenda kuhubiria maboksi?" Naye aliwajibu, "Naenda kazini, siendi kuiba."

Alizaliwa Minembwe, katika milima ya Kivu ya Kusini, Kongo. Karatasi zake zilisema tarehe 1 Januari 1982, kama za wakimbizi wengi ambao siku yao haikuandikwa popote. Mama yake alisema tu kwamba watu walikuwa wakivuna maharagwe.

Alisoma hadi darasa la nne. Mwalimu alimpenda kwa hesabu, lakini vita vikafika na shule ikaishia hapo. Kwenye vizuizi vya njiani aliulizwa babu yake ni nani na babu wa babu yake alitoka wapi, na jibu lake halikumtosha mtu. Mwaka 2004 alivukia Burundi, mwaka 2006 akafika Kenya. Alipotua Louisville, Marekani, Novemba 2010, hakuna nchi hata moja iliyokuwa imewahi kusema, "Huyu ni wetu."

Louisville alipanga mizigo ya ndege. Mwaka 2014 alihamia Columbus karibu na dada yake, Kampire, akafanya kazi ya ghala. Huko ndiko alikoapa kuwa raia wa Marekani, Juni 2016. Dada alimngoja nje na gari, lakini marehemu alikataa kupanda. "Tangulia," alimwambia. "Acha niikanyage kwanza nchi yangu." Akarudi kwa miguu mpaka nyumbani. Mwaka 2019, kaka yake alipofariki, alihamia Buffalo, mtaa wa Riverside, amlee Mutesi, mtoto wa huyo kaka. Alimlea kweli.

Tarehe 17 Desemba 2016 alimwoa Nasimiyu kule Bungoma, Kenya. Walijuana zamani katika kwaya ya Kitengela, alipokuwa mkimbizi Kenya. Alikaa naye mpaka mwisho wa Januari, kazi ikamwita. Binti yao, Mizero, alizaliwa Nairobi tarehe 9 Oktoba 2017. Nasimiyu alibaki Kenya kumuuguza mama yake aliyelala kitandani. Marehemu alimlea mtoto kwa simu, na miaka yote aliamini kwamba Mizero lazima angoje zamu kama wageni wengine.

Mwaka 2023 figo zake zilishindwa. Akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na hofu yake ilikuwa moja: kufa kabla mtoto hajafika. Ndipo Josiane, dada wa kanisani anayetafsiri katika ofisi ya wakili huko Columbus, alipompigia.

"Baba Mizero, mutoto hangoje zamu yoyote. Ulikuwa raia, na ulikuwa umeikala hapa miaka ya kutosha mbele azaliwe. Alizaliwa Mumarekani. Tunaomba tu wamutambue."

"Bon. Na ni nani alimupatia?"

"Ni weye."

"Miye?"

"Weye, papa. Mama yake akamupatia Kenya."

"Donc mutu kama miye anaweza kumupatia mutu inchi," akasema. Mutesi, aliyekuwa akiosha vyombo, alimwona akivua kofia mle jikoni, kama mtu aliyeingia kanisani.

Aprili 2024 mama na mtoto waliitwa ubalozini Nairobi. Kwetu mtoto mwenye adabu hatamki jina la mzazi wake, na marehemu alikuwa amemfundisha Mizero hivyo tangu aanze kusema.

"Baba yako anaitwa nani?" afisa aliuliza.

"Baba."

"Jina lake?"

"Baba."

Alipoulizwa mara ya tatu, mtoto aliziba mdomo kwa mikono miwili. Afisa akataka kipimo cha DNA, kuthibitisha damu.

"Umeniweza!" Nasimiyu alilia kwenye simu. "Miaka sita unamfundisha adabu, leo adabu imetufungia mlango!"

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Kisha hakucheka tena, maana alijua siku zake ni chache. Mizero akaomba simu. "Baba, nilisema vibaya?"

"Hapana, mama yangu. Ulisema vizuri."

Hapa Buffalo walimpitishia kijiti cha pamba ndani ya shavu. "Ni hii tu?" akauliza. Ilikuwa hiyo tu. Mtu aliyehojiwa ukoo wake maisha yake yote, safari hii mate yake yalijibu bila ugomvi. Mate ya mmoja Buffalo, ya mwingine Nairobi, yalikubaliana kabla wenyewe hawajaonana. Jibu lilikuja Agosti: Mizero ni wake.

Kampire alikwenda Kenya kumchukua mtoto. Walifika tarehe 20 Desemba 2024, mtoto akiwa na pasipoti mbili. Marehemu aliosha mikono kwanza, ndipo akazishika. Akasoma polepole, kidole chini ya kila neno. "Hii inasema wewe ni wa Kenya. Hii inasema wewe ni wa Marekani."

"Na ipi inasema mimi ni wako?" mtoto akauliza. Nyumba nzima ikacheka, naye akacheka kuliko wote.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025. Moyo wake ulisimama akiwa matibabuni, kabla ya adhuhuri. Ameacha mjane wake Nasimiyu, anayetusikiliza kwa simu kutoka Bungoma, binti yake Mizero, raia wa Kenya na wa Marekani, Mutesi aliyemlea, dada yake Kampire, na waumini wenzake wa Louisville, Columbus na Buffalo.

Asubuhi ile Mutesi alikuwa akimsuka Mizero nywele. "Baba, kuna theluji, utaanguka," mtoto alisema.

"Theluji inanijua."

Kwa woga aliobaki nao tangu miaka ya ukimbizi, siku zote alifunga mlango kwa ufunguo akitoka, hata watu wakiwa ndani. Siku hiyo aliutoa ufunguo mfukoni, akamtazama mtoto, akauweka mezani.

"Ndani kuna wenyewe," akasema.

Akatoka. Hakurudi. Bwana ampe utulivu wake.